Tarbushi Kichwani, Miguu Mitupu: Sare na Viatu katika Kumbukumbu za Askari Wakongwe

Anayekwenda kumhoji askari mstaafu kwa kawaida huenda na maswali ya vita. Ulipigana wapi, kamanda wenu alikuwa nani, adui alikuwa na silaha gani? Mzee hujibu kwa ufupi, kisha polepole huhamia kwenye mambo mengine: kofia aliyopewa siku ya kuandikishwa, rangi ya fulana, uzito wa kabuti lililolowa mvua, na zaidi ya yote viatu. Alipewa au hakupewa, vilimtosha au vilimbana, vilimtoa malengelenge kisiginoni au kwenye kidole kidogo. Mhoji huvumilia, akidhani mzee amepotea njia, na husubiri wakati wa kumrudisha vitani. Hoja nitakayoitetea leo ni kwamba hapo ndipo mzee anapofika kwenye kiini cha habari. Kumbukumbu za sare na viatu ni ushahidi wa daraja la kwanza kuhusu jinsi dola lilivyompima mtu liliyemtuma kwenda kufa, na mara nyingi ni ushahidi ambao makamanda hawakuona haja ya kuuandika. Mfano wangu mkuu utakuwa King's African Rifles, yaani KAR, kikosi kilichoundwa rasmi tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Afrika Mashariki ya Kiingereza na Uganda, na kilichodumu mpaka nchi zetu zilipopata uhuru. Ndani yake walipita babu za wengi waliomo humu ukumbini.

Tuanze na mavazi yenyewe. Kabla ya 1914 askari wa KAR akiwa safarini alivaa fulana nzito ya buluu iliyokolea, kaptula ya kaki, na vitambaa virefu vya buluu alivyovizungusha mguuni kutoka kwenye kifundo hadi chini ya goti. Kichwani alikuwa na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye ukingo wa kukunja mbele na pazia la kukinga shingo nyuma. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, buluu iliondolewa ikaja kaki tupu, pamoja na kofia fupi ya duara. Siku za gwaride, kwa miongo yote hiyo, mambo yalikuwa ya fahari: tarbushi ndefu, nyekundu katika batalioni nyingi na nyeusi kwa watu wa Nyasaland, na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni. Ukimtazama askari huyo kutoka juu kushuka chini, unaona utaratibu mzuri, kila kifungo mahali pake, kila mkunjo umepigwa pasi. Unafika kwenye vile vitambaa vya mguuni, vimezungushwa kwa ustadi, tabaka juu ya tabaka. Chini yake kuna mguu mtupu, au pengine ndara. Ofisa Mwingereza aliyesimama mbele ya safu alikuwa na buti za ngozi. Hali hiyo iliendelea katika sehemu kubwa ya KAR mpaka Vita vya Pili vya Dunia.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu kwa sura yake. Ilisemwa kwamba buti za kijeshi za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa watu ambao hawakuwahi kuvaa viatu, na kwamba Mwafrika akiwa peku hutembea mbali na haraka zaidi. Kauli hii si upuuzi, na sipendi kuishughulikia kana kwamba ni upuuzi. Buti za jeshi la Uingereza zilikuwa za ngozi ngumu, soli imejaa misumari, kisigino kina chuma. Zilishonwa kwa kalibu nyembamba mbele, na kalibu hiyo ilifuata umbo la mguu uliofungwa ndani ya viatu tangu utotoni. Mguu uliokua peku hutanuka kwenye vidole, kidole gumba kikakaa mbali na wenzake. Ukiuingiza mguu huo ndani ya buti ile, vidole hukandamizwa, ngozi huchubuka, na siku ya pili ya safari mtu huchechemea. Zipo simulizi nyingi za askari waliofunga kamba za buti zao pamoja na kuzining'iniza shingoni wakitembea, wakazivaa tena karibu na kambi.

Lakini tuna njia ya kuipima sababu hiyo, na historia imetupatia kipimo ambacho mtafiti asingeweza kukibuni. Ng'ambo ya pili ya mpaka, wakati uleule, Wajerumani walikuwa na jeshi lao la Schutztruppe, lililotokana na kikosi alichokiongoza Hermann Wissmann mwaka 1889. Kwanza liliajiri Wasudani kutoka Misri na watu kutoka kusini mwa Msumbiji, kisha likazidi kutegemea Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Askari wa jeshi hilo kwa kawaida alipewa kaki, vitambaa vya miguuni, na buti fupi za ngozi ya kahawia. Hawa hawakuwa watu wa maumbile mengine. Walitoka katika vijiji vya namna ileile, walikua wakicheza peku katika vumbi lilelile, na baadhi ya makabila yalikuwa pande zote mbili za mpaka. Mwafrika alivaa buti upande mmoja wa Ziwa Jipe, na upande wa pili akaambiwa mguu wake haukuumbwa kwa buti. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya 6 ya KAR, na miongoni mwa walioijaza walikuwamo askari waliokuwa wamemtumikia Mjerumani na kutekwa. Mtu yuleyule, kwa mguu uleule, aliishi chini ya nadharia mbili za maumbile yake. Kumbukumbu ya mtu kama huyo kuhusu viatu ni kesi nzima ya mahakamani, na shahidi ni yeye mwenyewe.

Asije mtu akadhani ninawasifu Wajerumani. Waliovaa buti hizo ndio walioshika bunduki katika vita vya Maji Maji kati ya 1905 na 1907, wakachoma maghala ya nafaka mpaka njaa ikamaliza watu wengi kuliko risasi. Viatu havikulifanya jeshi hilo kuwa la huruma. Hata ndani yake kulikuwa na ngazi: ruga-ruga, wapiganaji wa kukodiwa, walipigana na mavazi yao ya nyumbani, na wapagazi hawakuhesabiwa kabisa katika mambo ya viatu. Ninachosema ni chembamba zaidi na, nadhani, kigumu zaidi kukikwepa. Kumvisha au kutomvisha askari viatu kulikuwa uamuzi wa wakuu, wenye gharama na maana, na uamuzi huo ulisemwa kwa lugha ya maumbile ili usionekane kuwa uamuzi.

Ushahidi mwingine unatoka katika kitabu cha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyeandika kumbukumbu zake za vita mara tu baada ya kurudi kwao. Meli za Uingereza zilipoifunga pwani, nguo na viatu vya Ulaya vilikoma kufika. Yeye anaeleza jinsi pamba ilivyosokotwa na kufumwa humuhumu nchini, jinsi mizizi ya mti uitwao ndaa ilivyotoa rangi ya kahawia iliyofaa kufichama katika nyasi na vichaka, na jinsi ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini zilivyotiwa dawa kwa magamba ya mikoko na kushonwa viatu. Ningependa tukae kidogo hapa, maana historia zetu zinapenda kumtaja jenerali na kuruka mafundi. Nani aliyejua kwamba mzizi ule una rangi? Nani aliyejua kuloweka gamba la mkoko na kulipimia maji? Elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa wafumaji, wachuna ngozi na washona viatu wa nchi hii, na vita iliwategemea kama ilivyowategemea wapiga bunduki. Jeshi lililozingirwa pande zote, lisilo na kiwanda, liliona viatu vya askari wake ni jambo la kuhangaikia. Dola lililotawala bahari na kumiliki viwanda vya viatu liliona askari wake wanaweza kuendelea peku. Basi uwezo haukuwa ndio kikwazo.

Kuna anayeweza kunijibu hivi: kwenda peku ilikuwa desturi yetu, na jeshi liliheshimu desturi. Jibu hili lina kasoro mbili. Ya kwanza, si kweli kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakujua viatu. Pwani kulikuwa na makubazi ya ngozi na mitawanda ya mbao tangu zamani, na wafugaji wa bara walikata ndara za ngozi ya ng'ombe kwa ajili ya miiba na mawe ya moto. Mguu wa huku ulikuwa na viatu vyake, vilivyo wazi mbele, vinavyoacha vidole vipumue. Mtu aliyetaka kumtengenezea askari kiatu kinachomfaa angeweza kuanzia hapo, na pale KAR ilipotoa ndara ilithibitisha jambo hilo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu ardhi yenyewe. Funza, wanaoitwa pia tekenya, si wenyeji wa bara hili. Walitoka Amerika ya Kusini, wakafikishwa Angola na meli mwaka 1872, na katika muda wa robo karne hivi walikuwa wamevuka bara zima mpaka mwambao wa Bahari ya Hindi, wakifuata njia za misafara na za majeshi. Funza jike hujichimbia chini ya ukucha au kwenye ngozi laini katikati ya vidole, huvimba kwa mayai mpaka akawa kama punje ya mbaazi, na jeraha analoliacha huingiza usaha, pepopunda, na mwisho vidole hukatika. Katika kampeni ya 1914 hadi 1918 funza walivunja nguvu za wanajeshi na wapagazi wa pande zote. Fikirini maana yake. Babu aliyetembea peku mwaka 1860 alitembea juu ya ardhi isiyo na funza. Mjukuu wake aliyeandikishwa KAR mwaka 1912 aliambiwa afuate desturi ya babu yake juu ya ardhi ambayo babu hakuijua. Desturi iliyotungwa kwa mazingira fulani haiwi tena hekima mazingira yale yanapobadilika, na waliokuwa na madaktari na ripoti za magonjwa waliyajua mabadiliko hayo kuliko askari.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wakongwe wenyewe, na kwa hiyo linastahili adabu zaidi. Wapo waliosema wazi kwamba walipenda kwenda peku, na kwamba buti zilipokuja waliziona adhabu. Sina sababu ya kuwakatalia. Lakini mtu aliyepewa kuchagua kati ya kiatu kinachomuumiza na kutokuwa na kiatu, akachagua kutokuwa nacho, hajatuambia kwamba hataki kiatu. Ametuambia kwamba kile kiatu hakikupimwa kwa mguu wake. Tena sikilizeni vizuri wanavyosema. Mara nyingi katika simulizi moja mzee hulalamikia buti zilizombana, kisha akajisifu jinsi alivyozing'arisha mpaka akajiona uso. Mtu asiyetaka kitu hakipigi rangi usiku kucha. Alichokitaka ni buti lililomtambua.

Sasa nigeukie wale ambao hata mjadala wa viatu haukuwafikia. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, kwa hiari mwanzoni na kwa nguvu baadaye. Mpagazi alipewa blanketi, na kipande cha chuma chenye namba cha kuvaa shingoni. Alitembea peku na mzigo kichwani kutoka Taita mpaka Rufiji na kuvuka Ruvuma, akila unga usioiva vizuri, akilala kwenye matope. Hesabu rasmi ya Waingereza ilikubali vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara damu, kichomi na malaria, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Anayesema kwamba sare ni jambo dogo likilinganishwa na uhai na kifo, nami ninalisikia sana pingamizi hilo, namwomba atazame uhusiano uliopo hapa kati ya nguo na hesabu. Mwenye sare aliandikwa kwenye daftari la kikosi. Nguo zake ziliwekewa sahihi, na alipokufa kulikuwa na mtu wa kuuliza zimekwenda wapi. Asiye na sare alikuwa na namba ya chuma, na ilipopotea alipotea nayo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Miaka 100 na zaidi baada ya vita, orodha ya wasiokumbukwa inafanana kwa kiasi cha kutisha na orodha ya wasiovishwa.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta badiliko ambalo wakongwe wamelisimulia kuliko lolote. Zaidi ya robo milioni ya watu wa Afrika Mashariki waliingia jeshini. Walikwenda Ethiopia, Madagaska, Mashariki ya Kati na Ceylon, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa masika, ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Huko kaki haikufaa tena. Ilibadilishwa kuwa kijani cha msituni, na kofia yenye ukingo mpana ikachukua nafasi ya tarbushi. Na buti zilitolewa. Katika matope yaliyojaa ruba, na utitiri unaoeneza homa kali, hakuna mkuu aliyejasiri kusema kwamba mguu wa Mwafrika uko salama zaidi ukiwa mtupu. Nadharia iliyodumu miaka 40 iliachwa bila tangazo, bila uchunguzi, na bila kumwomba radhi mtu. Vijana wa vijijini, wajukuu wa wale walioambiwa haiwezekani, walizoea buti katika mafunzo. Malengelenge yalitoka, yakapona, ngozi ikakomaa. Tatizo lililodaiwa kuwa la maumbile lilitatuliwa kwa soksi, mazoezi na saizi mbalimbali.

Hapa nataka kusema neno kuhusu vitabu. Waruhiu Itote, aliyekuwa KAR huko Burma na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1967. Bildad Kaggia, aliyetumikia jeshi la Uingereza Mashariki ya Kati, alichapisha zake mwaka 1975. Ni vitabu vya thamani kubwa, na tumezoea kuvitumia kueleza jinsi vita vilivyowaamsha Waafrika kisiasa. Waandishi wake walikuwa viongozi, na viongozi huandika kwa lugha ya mawazo. Mtafiti Timothy Parsons, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu askari wa kawaida wa KAR, anatuonyesha watu ambao fikra zao zilizunguka mshahara, chakula, mavazi, makazi ya wake zao, na heshima ya kila siku. Wengine husema tofauti hiyo ni kati ya walioamka na wasioamka. Mimi naona ni mwamko uleule uliofika kwa njia mbili. Askari aliyelala kwenye handaki moja na Mwingereza na Mhindi, wote miguu imefungwa ngozi ya namna moja, alikuwa amepata hoja ya usawa ambayo haikuhitaji hotuba. Aliporudi nyumbani na kabuti lake, akakuta bado anatakiwa kumpisha kila Mzungu njiani, alijua kwa hakika nini kimekwisha na nini hakijaisha.

Lakini je, si kweli kwamba wakongwe wengi wanaikumbuka sare kwa furaha, hata ile ya wakati wa peku? Ni kweli kabisa, na hoja yangu ingekuwa ya uongo kama ingelificha hilo. Wazee waliivaa tarbushi nyekundu kwa madaha, na wake zao waliwatambua kwa mwendo. Upendo wa mavazi ya kijeshi ulivuka kambi. Ngoma ya beni iliyoanza kwenye miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na vyeo, gwaride na mavazi ya kiofisa, na vita vya 1914 viliisambaza mpaka Nyasaland na Kongo kwa miguu ya askari na wapagazi. Watu hawakulazimishwa kucheza beni. Walijishonea vyeo ambavyo jeshi halikuwapa. Fahari ile ilikuwa yao, na hakuna msomi mwenye haki ya kuwapokonya kwa kuiita utumwa wa akili. Ninachoomba ni kwamba tuitazame sare yote, kutoka kichwani mpaka chini, badala ya kuishia pale fahari inapoishia. Dola lilitumia fedha na ufundi kwenye kichwa na kiuno, sehemu zinazoonekana na gavana akiwa jukwaani. Kwenye mguu, ambao faida yake ingemrudia askari mwenyewe, liliweka akiba. Mzee anayekumbuka tarbushi kwa tabasamu na miguu yake kwa kimya anakumbuka sawasawa, na hajipingi.

Nimefika kwenye pingamizi ambalo wanahistoria wenzangu hulipa uzito zaidi: kumbukumbu si ya kuaminika. Mzee huchanganya miaka, huihamisha sare ya 1938 mpaka 1944, huazima kisa cha mwenzake na kukifanya chake. Ni kweli. Lakini tuulize ni kumbukumbu ya aina gani inayopotea haraka. Tarehe hupotea, majina ya maofisa hupotea, mfuatano wa mapigano huvurugika. Namna mkono unavyozungusha kitambaa mguuni, idadi ya mizunguko, mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza ili misuli isikakamae, hayo hukaa mwilini. Charles Miller, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu vita vya Afrika Mashariki, anasimulia tukio la Mwanza miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani wa Schutztruppe malimbikizo ya mishahara yao. Walijitokeza wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918; wengine walileta vipande vya sare chakavu. Mtu wa benki aliyekuja na fedha akampa kila mmoja fagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na kwa masimulizi hayo hakuna aliyeshindwa. Pale ambapo karatasi zilikuwa zimeoza, nguo na mwili vilitoa ushahidi, na benki ikaukubali. Sioni kwa nini mwanahistoria awe mgumu kuliko benki.

Zaidi ya hayo, nyaraka zinazosifiwa kuwa imara zina upofu wake. Picha nyingi za KAR ni za rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo wekundu wa tarbushi na buluu ya fulana hauonekani humo. Tena zilipigwa siku za gwaride, askari wakiwa wamepangwa kwa ajili ya jicho la mpigaji. Daftari la stoo linaweza kusema buti jozi 800 zimepokelewa, lisiseme kwamba nusu yake zilikuwa saizi isiyomtosha mtu. Ushahidi wa mzee na wa daftari ukilazwa pamoja, kila mmoja husahihisha mwenzake. Tatizo letu ni kwamba madaftari yamehifadhiwa London katika vyumba vya ubaridi, na wazee tunawazika.

Baada ya uhuru viatu havikuacha kusema. Tanganyika Rifles, iliyorithi batalioni ya 6 ya KAR, ilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Tarbushi ndefu zilikuwa zimebaki kwenye makabati, na kombati na bereti zikawa sura ya askari. Katika Uganda, wapiganaji wa National Resistance Army walioingia msituni mwaka 1981 walijulikana kwa gambuti, na wale wa Rwandan Patriotic Army walizivaa pia katika vita vilivyoanza 1990. Zilikuwa rahisi kununua, zilifaa kwenye vinamasi, na hazikuhitaji rangi wala kamba. Kinshasa ilipotekwa mwezi Mei 1997, wakazi walishangaa kuwaona kadogo, vijana wadogo wanaosema Kiswahili, wakiingia mjini kwa miguu na gambuti zao baada ya kuikata Kongo nzima kutoka mashariki. Kwa jeshi la Rais Mobutu, lililokuwa na sare za kupendeza na mishahara isiyolipwa, gambuti zile zilikuwa habari mbaya. Lakini mpira haupumui. Mguu unaoshinda na kulala ndani yake hulowa jasho, ngozi hugeuka nyeupe, hupasuka na kuoza, na wapo wanaume wa umri wa makamo leo, huko Kampala, Kigali na Goma, wanaoishi na matokeo hayo. Kumbukumbu zao hazina makavazi hata moja yanayozitafuta, nami naliona jambo hilo kuwa aibu kwa vyuo vyetu.

Kwa hiyo nataja kazi iliyo mbele yetu kwa jina. Askari wa KAR aliyekuwa na miaka 18 vita vilipokwisha mwaka 1945 leo angekaribia miaka 100, na wachache mno wamebaki. Lakini vita vya Kagera viko karibu. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Kagera, na Tanzania ikawapeleka mbele wanajeshi, polisi, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na mgambo, wengi wao wakitembea kutoka Mutukula mpaka Kampala, zaidi ya kilomita 200, katika miezi iliyoingia masika, hadi mji ulipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70, na anapatikana Bukoba, Tabora, Songea, Unguja. Anajua kama mgambo na mwanajeshi wa kudumu walipewa viatu sawa. Anajua buti zilichukua wiki ngapi kuchanika na nani alizishona, kama waliokosa walivaa katambuga za matairi au walivua za maadui, na kama aliporudi aliambiwa arudishe sare yote. Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa kuwa nchi zetu zinakataza raia kuvaa mavazi ya jeshi, na kwa hiyo mkongwe wa Kagera, tofauti na wazee wa Mwanza, huenda hana hata kipande cha nguo cha kuonyesha.

Mwanafunzi anayetaka kuanza hahitaji mashine kubwa. Simu inayorekodi inatosha, pamoja na idhini ya mzee na ya familia yake, na subira ya kukaa saa mbili. Asianze na Amin wala na mizinga. Amwombe mzee amweleze siku aliyovishwa: alisimama kwenye foleni gani, nani aligawa, alipewa nini kwanza, nini kilikuwa kikubwa na nini kilibana. Kisha amwulize habari za miguu, kidole kwa kidole, na kama mzee atavua kiatu ili amwonyeshe, aandike anachokiona.